Bei ya Gesi Isomwe Hadharani



Katika mitaa yetu ya magharibi ya Nairobi, tangu Satellite na Riruta hadi Kawangware, Kangemi na Uthiru, ni bei chache zinazozungumzwa kwa uchungu kama bei ya kujaza mtungi wa gesi. Inapopanda, muuzaji humwambia mteja kwamba kampuni imepandisha. Kampuni husema ni dola. Serikali husema ni soko la dunia. Kila mmoja humwonyesha mwenzake kidole, na mama aliyefika dukani na mtungi mtupu hurudi nyumbani bila jibu, pengine akiwa amebeba kopo la makaa badala ya gesi.

Twaandika makala haya kwa kuwa twaamini swali la mama huyo lina jibu. Bei ya gesi si mvua wala kiangazi. Hutengenezwa na watu, katika mahali panapojulikana, kwa hesabu ambazo mtu aliyemaliza darasa la nane aweza kuzifanya juu ya bahasha. Sehemu moja ya hesabu hizo haimo mikononi mwetu, nasi twakiri hivyo bila kusitasita. Sehemu nyingine zimo mikononi mwa watu tuliowachagua, watu waliowateua wengine, na wenye mali wanaofanya biashara kwa leseni yetu. Kosa kubwa la siku zetu ni kuzichanganya sehemu hizi zote katika chungu kimoja na kukifunika, ili mwananchi asijue ni nani wa kuulizwa nini.

Dai letu basi ni moja. Hatuombi bei ya gesi ipangwe kwa amri. Twaomba isomeke.

GESI MBILI, MASOKO MAWILI

Yafaa kwanza tuondoe utata mmoja unaowapotosha hata waheshimiwa bungeni. Gesi asilia ni kitu kimoja, na gesi ya mtungi ni kitu kingine, ingawa ni ndugu.

Gesi asilia, ambayo kwa sehemu kubwa ni methani, hutoka ardhini ikiwa hewa, nayo haikubali kuwa maji mpaka ipozwe kufikia nyuzi 162 chini ya sifuri. Kwa hiyo husafirishwa kwa bomba, au kwa meli za pekee zenye gharama kubwa. Bei yake ya jumla hutegemea mahali ilipo: ni baridi kiasi gani mwaka huo, maghala yamejaa kiasi gani, na bomba limefunguliwa au limefungwa. Mwaka 2022, Urusi ilipopunguza gesi iliyokuwa ikipeleka Ulaya baada ya kuivamia Ukraine, bei katika soko la Uholanzi ilipita yuro 300 kwa kila megawati-saa mwezi wa Agosti. Jirani zetu Watanzania wana gesi asilia yao. Ile ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Huuzwa kwa mikataba ya muda mrefu, si kwa mnada wa kila siku, na kwa sababu hiyo haikurukaruka na soko la Uholanzi. Mwezi wa Mei mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Nairobi, serikali zetu mbili zilitia sahihi makubaliano ya kulaza bomba kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Karatasi ilitiwa sahihi, bomba halijalazwa.

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Hupatikana gesi asilia itokayo visimani inaposafishwa, na pia mafuta ghafi yanapochujwa. Ikibanwa kidogo tu hugeuka maji, na ndiyo sababu yaweza kukaa ndani ya chuma na kupanda pikipiki katika Barabara ya Naivasha. Kwa kuwa hutoka mahali pamoja na gesi asilia na mafuta, bei yake hufuata nyayo za hao wakubwa wawili. Katika sensa ya mwaka 2019 karibu robo ya kaya za Kenya zilitaja gesi hii kuwa kawi yao kuu ya kupikia, huku zaidi ya nusu zikibaki na kuni. Hapa mjini ndiyo tegemeo la wengi wetu. Basi tuifuate tangu itokako.

MAHALI PA KWANZA: GHUBA

Kila mwezi kampuni ya Saudi Aramco hutangaza bei ya mkataba ya propani na butani, kwa dola, kwa kila tani. Wanunuzi wa upande wetu wa dunia huipima biashara yao kwa kipimo hicho. Ni kama bei ya mahindi inayotangazwa asubuhi katika soko kuu: wauzaji wote wadogo huitazama kabla ya kutaja yao.

Ni nini huipandisha na kuishusha? La kwanza ni bei ya mafuta ghafi. La pili ni majira: baridi inapokaribia katika nchi za kaskazini, watu hununua gesi ya kupashia nyumba moto, na bei huelekea kupanda. La tatu ni wanunuzi wakubwa. China ina viwanda vinavyogeuza propani kuwa plastiki, na India tangu mwaka 2016 imeunganisha mamilioni ya kaya maskini na gesi ya mtungi. Mama wa Kawangware na mama wa Bihar huchota katika kisima kimoja. La nne ni wingi wa gesi ya Marekani, ambayo katika miaka ya karibuni imekuwa muuzaji mkubwa kuliko wote duniani na mara nyingi imezuia bei isipae zaidi. La tano ni njia ya meli. Ukame wa mwaka 2023 ulipunguza meli zinazopita Mfereji wa Panama, na tangu Novemba mwaka huo mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi zizunguke Afrika nzima. Meli zinapochukua muda mrefu baharini, hupungua sokoni, na nauli hupanda kila mahali. Na gesi ya Ghuba yenyewe hupita Mlango wa Hormuz, mahali ambapo fununu ya vita peke yake yatosha kutikisa bei.

Sasa tutwae bahasha yetu. Mwezi wa Aprili mwaka 2020, dunia ilipofungiwa ndani na maradhi ya korona, bei ya Aramco kwa propani ilikuwa dola 230 kwa tani. Kilo 13 za gesi hiyo, zikiwa bado Ghuba, zilikuwa na thamani ya dola 2.99, yaani kama shilingi 317 kwa dola ya shilingi 106. Aprili mwaka 2022, vita vya Ukraine vikiwa vimewaka, bei ilifika dola 940. Kilo zile zile 13 zikawa dola 12.22, yaani kama shilingi 1,405 kwa dola ya shilingi 115. Julai mwaka 2023 bei ilikuwa imeshuka hadi dola 400. Kilo 13 zikawa dola 5.20, yaani kama shilingi 733 kwa dola ya shilingi 141.

Hesabu hizi zafundisha mambo mawili. La kwanza ni la haki kwa wafanyabiashara wetu: mwaka 2022, mtungi wa kilo 13 ulipopita shilingi 3,000 madukani Nairobi, si kila shilingi ilikuwa ulafi. Dunia yenyewe ilikuwa imetugeuka. La pili ni la haki kwa mnunuzi: kati ya Aprili 2022 na Julai 2023, gesi ya kujaza mtungi mmoja ilipungua thamani huko Ghuba kwa shilingi 672 hivi. Na ajitazame kila msomaji, atafute risiti zake kama anazo, aseme: je, mtungi wake ulishuka kwa kiasi hicho?

Twajua majibu ya wenye biashara. Watasema gesi iliyouzwa Julai ilinunuliwa miezi iliyotangulia, na kwamba katika kipindi hicho dola ziliadimika hata wakazinunua kwa bei iliyopita ile iliyotangazwa. Ni majibu yenye uzito. Lakini ni majibu yanayotaka ushahidi, na ushahidi huo hauko mahali ambapo mwananchi aweza kuusoma. Yeye huona tu kwamba bei hupanda mbio kama swara na kushuka taratibu kama kobe.

MAHALI PA PILI: SHILINGI YETU

Gesi hununuliwa kwa dola, nasi twalipwa mshahara kwa shilingi. Mwishoni mwa Januari mwaka 2024 dola moja ilikuwa ikikaribia shilingi 160 au kuzipita. Wengi waliogopa kwamba serikali ingeshindwa kulipa deni la hatifungani ya kimataifa lililokuwa likiiva Juni mwaka huo. Februari serikali ilikopa upya ili kununua sehemu kubwa ya deni hilo, hofu ikatulia, na kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa karibu shilingi 129.

Turudi kwenye mtungi wetu wa dola 5.20. Kwa dola ya shilingi 160 ni shilingi 832. Kwa dola ya shilingi 129 ni shilingi 671. Tofauti ni shilingi 161 kwa mtungi mmoja, bila Mwarabu kuongeza hata senti na bila meli kuchelewa hata siku moja. Tofauti hiyo ilitokana na jinsi nchi hii ilivyokopa na jinsi ilivyoaminiwa na waliomkopesha.

Hivyo basi, anayesema kwamba madeni ya taifa ni habari za wasomi na mabenki hajapika. Deni lililokopwa bila wananchi kuulizwa huingia jikoni kupitia mtungi. Na shilingi ilipopata nguvu mwaka 2024, mwananchi alikuwa na haki ya kuona faida ile ile ikiingia jikoni kwa njia ile ile.

MAHALI PA TATU: LANGO LA BANDARI

Hapo zamani Kenya ilitengeneza kiasi fulani cha gesi yake katika kiwanda cha kuchuja mafuta cha Changamwe. Kiwanda hicho kiliacha kuchuja mwaka 2013. Tangu hapo gesi yetu yote hutoka nje, na sehemu kubwa mno hupitia kituo kimoja cha watu binafsi mjini Mombasa, cha kampuni ya Africa Gas and Oil, kilichofunguliwa mwaka huo huo wa 2013.

Tuseme kweli hata pale inapotupunguzia makali. Kituo hicho kilitusaidia. Kabla yake, maghala ya Shimanzi yalikuwa madogo, meli zilizokuja zilikuwa ndogo, na nauli kwa kila tani ilikuwa kubwa. Meli kubwa huleta gesi kwa nauli nafuu, lakini huhitaji ghala kubwa la kuipokea. Aliyelijenga aliweka mali yake hatarini, na mtenda kazi anastahili ujira wake.

Lakini mlango ukiwa mmoja, anayeulinda ana uwezo ambao hakuna raia yeyote anayepaswa kuwa nao bila kuangaliwa. Twauliza bila kumtuhumu mtu: ni shilingi ngapi kwa kila tani hutozwa kupokea na kuhifadhi gesi? Je, mwagizaji mdogo hutozwa sawa na mkubwa? Nani hungoja kwenye foleni, na kwa siku ngapi? Ada ya bomba la petroli kutoka Mombasa huidhinishwa na mdhibiti na kutangazwa. Kwa nini ada ya mlango wa gesi isitangazwe vivyo hivyo?

Milango mingine imetajwa. Gati jipya la mafuta la Kipevu lilizinduliwa mwaka 2022 likiwa na njia ya kupokea gesi ya kupikia pia. Februari mwaka 2023 Rais William Ruto aliweka jiwe la msingi la kituo cha kampuni ya Taifa Gas ya Tanzania huko Dongo Kundu. Twapongeza kila mlango utakaofunguliwa. Hata hivyo historia yatuonya kwamba milango hufungwa pia. Aprili mwaka 2017 serikali yetu ilipiga marufuku gesi iliyoletwa kwa barabara kutoka Tanzania. Tanzania ikajibu kwa kuzuia maziwa na sigara za Kenya, na miezi kadhaa ikapita kabla ya mawaziri kusuluhishana mwezi wa Julai. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mnunuzi wa Nairobi na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa waliumia kwa pamoja, na hakuna aliyewauliza.

Na upo mpango wa zabuni ya wazi, yaani waagizaji washindane hadharani, atakayetaja bei ya chini kabisa aletee nchi nzima gesi, wengine wagawane shehena yake kwa bei hiyo. Umetajwa tena na tena kwa miaka mingi. Hata huo nao si dawa ya kila ugonjwa. Petroli ilikuwa na zabuni ya wazi, na mwaka 2023 ikaachwa, nafasi yake ikachukuliwa na mikataba ya serikali na kampuni tatu za mafuta za Ghuba. Uwazi uliotolewa kwa hisani ya waziri waweza kuondolewa kwa kalamu ya waziri. Ndiyo sababu twasema uandikwe katika sheria.

MAHALI PA NNE: HAZINA YA SERIKALI

Hapa hakuna Mwarabu wala Mrusi wa kulaumiwa. Mwaka 2016 gesi ya kupikia iliondolewa Kodi ya Ongezeko la Thamani, na matumizi yake yakaongezeka. Julai mwaka 2021 kodi hiyo ikarudishwa kwa asilimia 16 nzima, wakati watu wengi hawajapata tena kazi walizopoteza kwa ajili ya korona. Miezi michache baadaye bei ya dunia nayo ikapanda, na mizigo miwili ikawekwa juu ya kichwa kimoja. Julai mwaka 2022 ikapunguzwa hadi asilimia 8. Julai mwaka 2023 ikaondolewa tena, pamoja na ada ya tangazo la uagizaji na tozo ya reli.

Mara nne katika miaka saba! Mfanyabiashara gani ataweka mali yake katika maghala na mitungi ikiwa hajui kodi ya mwakani? Na familia gani itaacha makaa kwa moyo mmoja, inunue meko na mtungi, ikiwa serikali ile ile inayoihimiza kutumia kawi safi ndiyo huigeuka baada ya miaka miwili?

Wala tusisahau njia nyingine zilizofungwa kwa maskini katika kipindi hicho. Februari mwaka 2018 ukataji wa miti katika misitu ya umma ulipigwa marufuku, na bei ya makaa ikapanda. Septemba mwaka huo tozo ya shilingi 18 kwa lita iliwekwa kwenye mafuta taa, eti kuzuia yasichanganywe na dizeli. Lengo la kila hatua laweza kutetewa: twapenda misitu, na twachukia wachanganyaji. Lakini aliyefukuzwa kwenye makaa na kwenye mafuta taa alikuwa na mlango mmoja tu wa kukimbilia, nao ni gesi. Mwaka 2021 mlango huo ukawekewa kodi.

MAHALI PA TANO: MTAANI

Kutoka Mombasa gesi husafiri kwa lori, hujazwa mitunguni, hupita kwa msambazaji, kisha kwa mwenye duka, kisha kwa kijana wa bodaboda. Kila mmoja huchukua chake, na wengi wao ni watu wa mitaa hii hii wanaofanya kazi kwa jasho. Lakini bei ya gesi haina kikomo kilichowekwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, kwa hiyo maduka mawili ya mtaa mmoja yaweza kutofautiana, na mnunuzi hajui tofauti imetoka wapi.

Asiyekuwa na fedha za kilo 13 hununua kilo 6, na mara nyingi kwa kila kilo hulipa zaidi kuliko jirani yake mwenye uwezo. Asiyeweza hata hizo kilo 6 hutafuta anayejaza kidogo kidogo, gizani, bila leseni wala mizani. Tumeona mwisho wa njia hiyo. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka katika mtaa wa Mradi, Embakasi. Watu walikufa, mamia wakajeruhiwa, nyumba zikateketea. EPRA ilieleza kwamba ilikuwa imekataa maombi ya leseni ya kituo hicho mara tatu katika mwaka 2023. Sasa twauliza: ikiwa leseni ilikataliwa, gesi iliendelea kufika pale kwa idhini ya nani? Bei ya juu na usimamizi dhaifu ni mapacha. Mmoja humsukuma maskini kwenye mlango wa nyuma, mwingine humwachia mwenye mlango huo afanye apendavyo.

AHADI NA HESABU

Mtu anayejua kuisoma bei hadanganyiki kwa urahisi. Mwaka 2023 Rais Ruto aliahidi kwamba mtungi wa kilo 6 ungejazwa kwa shilingi 300 hadi 500. Watu wengi walishangilia. Lakini twae bahasha: kwa bei ya Aramco ya Julai 2023, kilo 6 zilikuwa dola 2.40, yaani kama shilingi 338 zikiwa bado Ghuba. Meli haijalipwa, ghala halijalipwa, lori halijalipwa, mwenye duka hajapata mkate wa watoto. Kwa hesabu hiyo ahadi ya 300 isingewezekana hata siku moja bila serikali kutoa ruzuku, na ruzuku hiyo ingetoka kwenye kodi zetu wenyewe. Ahadi haikutimia. Kama sehemu za bei zingekuwa zimebandikwa ukutani kila mwezi, ingeulizwa palepale uwanjani: Mheshimiwa, hizo zilizopungua zitatoka wapi?

Kabla ya hapo serikali nyingine iliahidi mitungi ya bei nafuu kwa kaya maskini kupitia shirika la taifa la mafuta. Maelfu ya mitungi iligunduliwa kuwa na kasoro, na mradi ukakwama. Mambo mawili, funzo moja: pale ambapo hesabu hufichwa, maskini hutumiwa kama kipaza sauti.

TUDAI NINI?

Wako wenzetu wanaotaka bei ya gesi iwekewe kikomo kama petroli. Twawaheshimu, lakini twawakumbusha historia. Bei za petroli zilidhibitiwa na serikali hadi Oktoba mwaka 1994, zikaachiliwa, kisha udhibiti ukarudi Desemba mwaka 2010 kwa kuwa ushindani ulioahidiwa haukumfaa mnunuzi. Kikomo kikiwekwa juu ya gharama zisizojulikana, huweza kuwa juu mno kikawanufaisha wakubwa, au chini mno gesi ikatoweka madukani. Tuione kwanza hesabu, kisha tubishane juu ya kikomo.

Kwa hiyo twadai haya. Kwanza, EPRA itangaze kila mwezi sehemu za bei ya gesi: bei ya Ghuba, nauli na bima, thamani ya dola iliyotumika, ada ya bandari na ghala, kodi, usafiri, na faida ya kila hatua. Pili, ada za kupokea na kuhifadhi gesi Mombasa zichapishwe, na kila mwagizaji mwenye leseni ahudumiwe kwa masharti sawa, chini ya jicho la Mamlaka ya Ushindani. Tatu, kodi ya gesi isiguswe bila wananchi kusikizwa kwa kweli, si kwa kikao cha saa mbili katika hoteli ya kifahari. Nne, vituo visivyo na leseni vifungwe kabla havijalipuka, na aliyetoa idhini isiyofaa afikishwe mahakamani.

Hatuombi fadhila. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, yatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 46 chatupa haki za mnunuzi, pamoja na habari za kutosha juu ya anachonunua. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yaitaka ofisi ya umma ijibu ombi katika muda wa siku 21.

Lakini haki isiyotumiwa huota kutu. Basi kila jumuiya, kila kikundi cha akina mama, kila chama cha vijana katika mitaa yetu na ifungue daftari. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi waandike bei ya kilo 6 na ya kilo 13 katika maduka matatu, pamoja na bei ya Aramco na ya dola ya mwezi huo. Baada ya miezi sita daftari hilo litasema mambo ambayo hakuna msemaji wa serikali atakayeweza kuyakana. Kisha na iandikwe barua kwa EPRA, nakala kwa mbunge wa eneo, na siku 21 zihesabiwe. Jibu likija, lisomwe mbele ya watu. Lisipokuja, ukimya huo nao usomwe mbele ya watu.

Bei ya dunia hatuwezi kuiamuru. Vita vya watu wengine hatuwezi kuvizima. Lakini kati ya meli itiayo nanga Mombasa na sufuria iliyo mekoni Satellite, kila shilingi ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana jina na anwani. Tumwite kwa adabu, mmoja baada ya mwingine, aje atuonyeshe hesabu yake.